Mpaka Tisa

Mwalimu Nsokolo aliandika ubaoni
misemo ya Waingereza juu ya mtu aliyependeza:
*amevaa mpaka tisa; amevaa hadi kuua.*
Nakilini, alisema, mtihani hauulizi kwa nini.
Nikanakili kwenye kaunta buku,
nikashuka nayo Isevya, hadi kibarazani,
mama bado anakanyaga cherehani,
pini tatu zimemtoka mdomoni kama sharubu za paka.

"Tisa ya nini?" Aliuliza bila kuzitema.
"Saa tisa mchana watu wanasinzia,
saa tisa usiku wamezima kabisa.
Au mita? Mita tisa namshonea nani, tembo?"
"Ni msemo, mama."
"Na huyu anayevaa akaua, kafungwa?"

Kisha mguu ukasimama, gurudumu likazunguka bure.
Nguo ya kuua alishaiona, alisema.
Kasanda wa Usoke, mwaka ule tumbaku ilipolipa,
alikuja kushonesha suti: koti, suruali, kizibao,
bitana ya hariri rangi ya zambarau,
ambayo hakuna atakayeiona ila yeye na kabati.
Mitumba saba ya majani aliyoyakausha kwa moshi na kikohozi
iliishia kwenye Jumamosi moja.
Msimu uliofuata hakuwa na mbolea.
"Na pale sokoni mtumba wa Ulaya ulikuwa elfu tano,
umenyooka, una mpaka vifungo vya akiba."
Akauma uzi, akaukata.

Halafu tukacheka, maana na sisi hatujambo.
Kwetu mtu akipendeza *ameulamba.*
Kaulamba nini, na alikuwa na njaa gani?
*Kapigilia pamba.* Pamba ya watu imekosa nini?
*Katoka chicha,* tunasema, tena hapa Tabora,
mji wa miombo na asali,
ambako nazi hufika kwa treni ikiwa imeshachoka safari.
"Mpelekee Mwalimu hiyo chicha," akasema,
"na yeye aumwe kichwa."

Siku ya kikao cha wazazi alichelewa.
Mlango ulilia, watu wakageuka,
lesi zikageuka, mikoba ya kung'aa ikageuka,
na mama yangu akaingia na gauni nisilolijua.

Nilijua kila kipande chake.
Mimi ndiye niliyekuwa nafagia chini ya ile meza:
kitenge cha kwaya ya Moraviani, begani;
sare ya mkunga wa Kitete, ukosini;
pazia la ofisi ya ushirika;
khanga ya Bi Mwanakheri, jina limekatwa njiani,
limebaki ASIYE NA
halafu mshono.
Batiki. Drili. Kile kijani cha bibi harusi aliyeghairi.
Na kiunoni, utepe mwembamba wa zambarau:
Kasanda, hatimaye, anaonekana.
Baki ni la anayefagia, mama alizoea kusema,
sikujua kwamba anaweka.

Nikahesabu. Nane.
Nikarudia kutoka ukosini. Nane tena.
Mwalimu Nsokolo alikuwa anasoma madeni ya ada,
akafika jina letu, akainua miwani.
Mama akasimama, akapenyeza mkono ubavuni,
akautoa mfuko wa ndani nje kama ulimi
ili noti zisidondoke.
Kaki. Imepauka, ina doa la wino wa bluu
mahali kalamu yangu ilipovuja, darasa la nne.

Hakuna aliyeona. Walikuwa wanaangalia noti.

Kwenye mtihani swali lilikuja kweli, la kumi na nne:
eleza maana ya msemo ufuatao.
Niliandika *kapendeza*
kama tulivyofundishwa, nikapewa alama moja.